Mlima Rungwe: msitu, kipunji na njia ya kufika kileleni

Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, ukishapita Isongole, mkono wako wa kushoto kuna mlima ambao siku nyingi huuoni. Upo pale pale, ila umejifunika ukungu. Wasikilizaji wetu wa Kiwira na Busokelo wanaamka nao kila siku na hawaushangai. Wa mbali wakiusikia redioni hutuuliza: una urefu gani, una wanyama gani, na je, mtu wa kawaida anaweza kuupanda? Makala hii inajibu maswali hayo, lakini sehemu kubwa tumempa mnyama mmoja, kipunji, kwa sababu habari zake zinahusu mashamba ya watu wengi wanaotusikiliza.

Mlima huu ulitokana na moto

Rungwe ni volkano. Kilele chake kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na ni mmoja wa milima mitatu mikubwa ya volkano kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mingine ni Ngozi, ulio ng'ambo ya pili ya barabara kuu, na Kyejo, ulio kusini mashariki. Eneo hili ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, ndiyo maana ardhi yake imepasuka na kutoa moto mara nyingi.

Mlipuko mkubwa wa Rungwe ulitokea miaka 4,000 hivi iliyopita. Ulirusha majivu na mawe mepesi yenye matundu, yale ambayo ukiyatupa majini yanaelea, na wanasayansi wameyakuta hata kwenye tope la chini ya Ziwa Nyasa. Mkulima akichimba shimo la choo upande huu wa wilaya, mara nyingi hukutana na tabaka la mawe hayo. Kyejo nao ulimwaga uji wa moto karibu miaka 200 tu iliyopita. Kwa hesabu za milima hiyo ni kama jana.

Faida ya moto huo mnaijua. Udongo wa volkano ndio unaokuza migomba, chai, kahawa, maharage, viazi mviringo na sasa parachichi, ambazo zimebadilisha kipato cha kaya nyingi Rungwe. Mvua nayo haina uchoyo. Upepo wa kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa ukibeba unyevu, ukigonga milima unapanda, unapoa, unaangusha maji. Kwenye miteremko ya kusini mashariki mvua hufikia milimita 3,000 kwa mwaka. Msitu huyapokea maji hayo na kuyaachia polepole kwenda mito ya Kiwira na Mbaka, ambayo huteremka hadi Kyela na kuingia ziwani. Anayelima mpunga Kyela anautegemea msitu ambao pengine hajawahi kuukanyaga.

Kutoka migomba hadi nyasi za kileleni

Ukianza kupanda unapita kwanza mashamba, tena mashamba yaliyobanana. Kisha ghafla unaingia msituni. Hakuna pori la katikati wala vichaka vya kukuandaa. Sehemu nyingi ni jembe, halafu alama ya mpaka, halafu miti mikubwa. Wageni wengi hushangazwa na hilo. Ukisimama kwenye mpaka unaweza kusikia mbega mbele yako na redio ya mtu nyuma yako.

Msitu wa chini ni mrefu na wenye giza. Miti imevaa kuvumwani, kangaga zimejaa chini, na vijito vinapita kila bonde. Juu zaidi unakutana na mianzi, na hapo njia huwa ngumu: mianzi iliyoanguka imelala kwenye njia, udongo ni laini, unateleza. Ukiipita mianzi, miti inafupika na kuachana, na mwisho unatokea kwenye nyasi na vichaka vidogo vigumu vinavyostahimili baridi na upepo.

Kileleni usitegemee ncha kali kama ya mlima wa kwenye kitabu cha shule. Juu kuna bonde pana la volkano, upana wake kama kilomita 4, ambalo ukuta wake wa upande wa magharibi na kusini magharibi ulibomoka zamani. Ndani yake mna vilima na mashimo ya volkano ndogo zilizozuka baadaye. Hewa ikiwa safi unaliona Ziwa Nyasa kusini na safu ya Livingstone mashariki. Hewa ikiwa chafu unaona viatu vyako, na siku za aina hiyo si chache.

Kabla ya kuja kwa wamisheni wa Moravian, waliojenga kituo chao Rungwe mwaka 1891, Wanyakyusa walikuwa na misitu midogo ya matambiko isiyokatwa. Inayojulikana sana ni Lubaga, mahali alipoheshimiwa Lwembe, na watu walikwenda huko kuomba mvua na rutuba. Makaburi ya machifu nayo yaliachiwa miti. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kutunza msitu ni wazo lililoletwa na magari ya miradi.

Kipunji ni nani?

Sasa tuje kwa mnyama wetu. Kipunji ni kima mkubwa wa mitini. Mwili wake, bila mkia, ni kati ya sentimita 85 na 90, na mzito wao hufikia kilo 16. Manyoya ni marefu, rangi ya kahawia inayoelekea kijivu. Uso ni mweusi. Tumboni na kwenye ncha ya mkia ni mweupeupe. Kichwani nywele zimesimama kama kishungi, na hicho ndicho kitambulisho chake kikubwa. Manyoya marefu ni koti lake, maana katika milima hii anaishi kwenye baridi ya mita 1,750 hadi 2,450.

Jina kipunji lilikuwepo vinywani mwa watu wa mlimani muda mrefu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kama kima mwenye haya, anayekaa juu na kukimbia mapema. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi Rungwe waliwasikia wawindaji wakimtaja. Haikuwa rahisi kujua wanamsema mnyama gani, kwa kuwa masimulizi ya huku yana wanyama wa kweli na wengine wa hadithi tu. Mwezi Mei mwaka huo walimwona, lakini si vizuri. Desemba wakamwona waziwazi, wakatambua kwamba kima huyu hakuwa kwenye kitabu chochote cha sayansi.

Cha ajabu ni kwamba mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za Rungwe, lilimkuta mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi. Makundi hayo mawili yaliunganisha taarifa zao, na Mei 2005 kipunji akatangazwa kwa dunia. Hapo alihesabiwa kuwa ndugu wa mangabe, kima wa misituni wenye mikia mirefu.

Mwaka huo huo wa 2005 kipunji mmoja, dume changa, alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi pembeni mwa Mlima Rungwe. Mwili wake ukapelekwa kuchunguzwa katika jumba la makumbusho la Chicago, Marekani. Kwa umbo la fuvu alifanana na mangabe. Kwa vinasaba alikuwa karibu zaidi na nyani, yule mkubwa wa ardhini anayevamia mashamba ya watu. Hakuwa mmoja wao wala mwingine. Mwaka 2006 akapewa kundi lake peke yake katika ukoo wa kima, yaani jenasi, na likaitwa Rungwecebus kwa jina la mlima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 83 kwa kima wa Afrika kupewa jenasi mpya. Jina lake kamili la kisayansi, Rungwecebus kipunji, ni jina la mlima wetu na jina walilompa wenyeji. Sisi tunaona hiyo ni heshima iliyostahili, ingawa wale wawindaji wa kwanza hawatajwi sana.

Wako wangapi na wanakaa wapi?

Hesabu kubwa ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2008, ilikuta kipunji 1,117 tu duniani kote, katika makundi 38. Makundi 34 yalikuwa huku kwetu, Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo. Manne yalikuwa Ndundulu. Eneo lote walilotumia halikufika kilomita za mraba 18. Watafiti waliporudia kuhesabu zaidi ya miaka kumi baadaye, walikuta kipunji wa Rungwe na Livingstone wameongezeka. Ni habari njema, lakini bado wako kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na hawapatikani nchi nyingine yoyote nje ya Tanzania.

Idadi peke yake haielezi shida yote. Kipunji ni mnyama wa mitini. Chakula chake ni majani, matunda, maua, magome, hata kuvumwani na wadudu, na vyote hivyo anavipata akiruka tawi hadi tawi. Msitu ukikatika, kundi linakwama upande mmoja kama watu wa kisiwani wasio na mtumbwi. Kati ya Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone kuna ukanda mwembamba uitwao Bujingijila. Ndio daraja pekee la miti kati ya pande hizo mbili, na kwa miaka mingi umeliwa na mashamba, mkaa na ukataji wa miti. Miti ya asili imepandwa kuurudisha. Mti hauharakishwi, lakini, na mche wa leo hautabeba kima kesho.

Mlima wenyewe una ulinzi wa kisheria. Tangu 2009 msitu wa Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye hekta 13,652, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kukata miti, kuchoma mkaa, kuwinda au kulisha mifugo ndani ni kosa. Na kumuua au kumtega kipunji bila kibali ni kosa hata akiwa nje ya mpaka, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Akiingia shambani

Hapa ndipo wengine mnapotukatiza kwa simu: "Nyie mnamsifia, sisi anatula mahindi." Ni kweli anakula. Mahindi yakikomaa karibu na mpaka wa msitu, kipunji huteremka, na pia hugusa maharage na viazi vitamu. Familia inayotegemea nusu ekari haiwezi kuambiwa ifurahi.

Kwanza mjue ni nani hasa aliyeingia, maana kipunji hubebeshwa makosa ya wengine. Katika msitu huu mna mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Huyu ni mla majani na alfajiri hunguruma kwa sauti nzito inayovuma bonde zima. Mna kima wa kawaida, wa kijivu cheusi, mwepesi, asiye na kishungi. Kipunji mnamtambua kwa kishungi chake, ncha nyeupe ya mkia, na sauti. Madume hubweka kwa sauti ya chini inayofanana na honi ya gari la zamani. Hakuna kima mwingine nchini anayelia hivyo.

Mitego ya waya ndiyo inayoleta hasara kubwa, kwa sababu haichagui. Inakamata kipunji, inakamata minde, yule paa mkubwa wa milimani anayepatikana Tanzania tu, inakamata na mbwa wako. Kinachosaidia zaidi ni kulinda kwa zamu mahindi yanapokomaa, majirani wakishirikiana, kwani kima huogopa mtu aliyepo kuliko sanamu. Wengine wameamua mstari wa kwanza karibu na msitu kupanda kitu ambacho kima hakipendi, kama chai, na mahindi wameyarudisha nyuma. Si kila mtu ana ardhi ya kufanya hivyo, tunajua.

Uharibifu ukitokea, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji kabla hujavuna mabaki, piga picha kwa simu yako, na umwombe afisa wanyamapori wa wilaya aje aone. Muulize waziwazi kama hasara hiyo inaingia kwenye kifuta jasho. Usidhani kila mnyama anahesabiwa, wala usikate tamaa kabla ya kuuliza. Hata pasipolipwa kitu, taarifa iliyoandikwa inabaki kwenye jalada, na maofisa hupanga doria zao kwa kufuata taarifa.

Ukitaka kupanda

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuupanda Rungwe na kurudi siku hiyo hiyo, lakini ni siku nzima. Weka saa kumi, kwenda na kurudi. Wengi huanzia upande wa Shule ya Sekondari Rungwe au upande wa Isongole. Kabla ya hapo pitia ofisi ya hifadhi ukalipe ada na kupewa kibali; ukiwa Tukuyu uliza, utaelekezwa. Hatuandiki kiasi kwa kuwa ada hubadilika, na ya Mtanzania si sawa na ya mgeni.

Usiende bila mwongozaji wa kijijini. Njia hufunikwa na mianzi na majani ndani ya msimu mmoja, na ukungu ukishuka huwezi kutofautisha bonde la kurudia na bonde la kupotelea. Mwongozaji pia ndiye atakayesikia kipunji kabla yako. Chagua Juni hadi Oktoba, miezi yenye mvua kidogo, ingawa huku kwetu neno "kiangazi" halina maana ya ukavu. Machi hadi Mei njia ni tope tupu.

Vaa gambuti au viatu vinavyoshika, soksi ndefu, na uchomeke suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawana mwaliko. Beba koti la mvua, sweta, maji na chakula cha kushiba. Mikono mirefu itakuepusha na majani yanayowasha. Simu ichajiwe vizuri na iwekwe karibu na mwili, kwani baridi hula chaji, na mtandao huja na kupotea. Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia unayopita na saa unayotegemea kurudi.

Kuwaona wanyama kunataka ukimya na kuwahi. Kipunji huchangamka asubuhi, wakiwa kundi la watu wazima na watoto pamoja, pengine 30 au zaidi. Ukiwasikia, simama. Ukiwakimbilia, watakuwa wamevuka bonde kabla hujatoa simu. Usiwarushie chakula, kima akizoea mkono wa mtu, kesho yuko jikoni kwa mtu.

Kwenye vichaka vya pembeni tazama pia kinyonga wa milima hii, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Tunajua wengi wanamwogopa na wengine humpiga mawe. Hana sumu, na pembe hizo ni za kusukumana na madume wenzake. Duniani anapatikana kwenye milima hii ya Poroto na Rungwe tu. Ukisikia sauti kavu ya kukoroma juu ya miti, kisha ukaona mbawa nyekundu zikipita, huyo ni shorobo.

Kwa asiye na siku nzima, au mwenye magoti yanayolalamika, kuna Ngozi, ng'ambo ya barabara. Njia inapita msituni kwa mwinuko mkali sehemu ya mwisho, lakini ni matembezi ya nusu siku. Juu unasimama kwenye ukingo na chini yako lipo ziwa la kijani ndani ya shimo la volkano, urefu wake kama kilomita 2.5 na kina zaidi ya mita 70. Kuteremka hadi majini ni hatari, kingo ni wima na udongo unamomonyoka, kwa hiyo watu wengi huishia ukingoni, wakapumzika, wakarudi kuwahi gari la Mbeya au Tukuyu kabla ya jioni.